Kila mtu ananiuliza kama nimelala

Swali: "Daktari, shikamoo. Nina miaka 39, mama wa watoto wawili, nafanya kazi ya ofisini mbele ya kompyuta. Kila nikiingia kazini lazima mtu aniulize, 'Vipi, unaumwa?' au 'Jana hukulala?' Nalala kwa muda wa saa saba kila usiku na sijisikii mgonjwa, labda uchovu wa kawaida tu. Weusi chini ya macho ninao tangu usichana, na mama yangu anao, ila miaka hii miwili mitatu umezidi na pameanza kubonyea. Asubuhi macho yananiwasha, nayafikicha mpaka basi, na pua imeziba. Nimeshatumia krimu za macho za aina nne, hamna kitu. Rafiki yangu ananishauri nikachomwe sindano ya kujaza. Hedhi yangu nayo siku hizi ni nzito, sijui kama inahusiana. Nifanye nini nionekane nimechangamka?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la kuulizwa kila siku, maana najua linavyochosha kuliko uchovu wenyewe. Mtu ametoka kwake ameoga, amevaa vizuri, moyo mweupe, halafu kabla hajaketi anaambiwa anaonekana mgonjwa. Siku nzima inaharibika. Wanaokuuliza hawana nia mbaya. Wanausoma uso wako kama sote tunavyosoma nyuso za wenzetu, na wanaona humo alama ambazo kwa kawaida huja na kukosa usingizi. Kazi yetu ni kujua kwako zimetoka wapi, kwa sababu kwa unavyoeleza, usingizi si mkosaji mkuu.

Alama zenyewe zimechunguzwa. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, waliwapiga watu picha baada ya kulala vizuri, kisha wakawapiga tena wakiwa wamekaa macho saa 31, halafu wakawaonyesha picha hizo watu wasiowajua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliokesha walionekana wamechoka zaidi, afya yao imepungua, na hawavutii kama walivyovutia walipolala. Mwaka 2013 kundi hilo likaeleza watazamaji waliona nini hasa: kope zilizolegea, macho mekundu, macho yaliyovimba, weusi chini ya macho, ngozi iliyofifia rangi, mistari midogo iliyojitokeza, na pembe za mdomo zilizoshuka. Zihesabu. Katika alama hizo saba, nne ni za jicho na pembezoni mwake. Ndiyo maana mwenye weusi wa kurithi akilala kwa saa nane bado huulizwa kama alikesha, na aliyekesha kweli, ila ana macho mapana yasiyo na kivuli, huambiwa amependeza.

Jicho linabeba lawama hii kwa sababu ya ngozi yake. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko yote mwilini, kama nusu milimita tu, na chini yake karibu hakuna mafuta. Misuli na mishipa ya damu iko papo hapo nyuma yake. Kwingineko mwilini mambo ya ndani hufichika. Hapa yote yako nje.

Sasa kuhusu zile krimu nne. "Weusi chini ya macho" ni jina moja la mambo manne tofauti: rangi ya ngozi yenyewe, damu inayoonekana kupitia ngozi, uvimbe, na kivuli. Wengi wetu tunayo mawili au matatu kwa pamoja. Krimu inayopunguza rangi haiwezi kuziba bonde, na inayobana mishipa ya damu haiondoi rangi. Kabla hujanunua ya tano, jipime. Si kazi ngumu.

Kesho mchana nawa uso, usipake chochote, simama mbele ya dirisha uso ukielekea nje, ushike kioo cha mkononi usawa wa macho. Inamisha kidevu kidogo, kisha kiinue taratibu kuelekea mwanga. Kama weusi unakolea ukiinama na unapungua au kutoweka ukiinua uso, hicho ni kivuli: kuna bonde, au kifuko, kinachozuia mwanga. Halafu weka kidole kwenye shavu, chini kidogo ya kope, uvute ngozi polepole kwenda chini. Rangi ikibaki kahawia vilevile na kusogea pamoja na ngozi, ni melanini, yaani rangi ya ngozi yenyewe. Ikizidi kuwa ya zambarau au ya buluu kadiri unavyovuta, unaona damu, maana umeifanya ngozi iwe nyembamba zaidi. Mwisho, bila kuinua kichwa, tazama dari. Kifuko kikitokeza zaidi, hayo ni mafuta yanayosukumwa mbele na jicho lenyewe. Kisipobadilika, huenda ni maji tu. Rudia zoezi hilo jioni, kwa sababu uvimbe wa maji unaonekana asubuhi na jioni umeshapungua.

Mezani pangu huwa nina kioo kidogo na tochi ya kalamu kwa kazi hii. Mama mmoja alikuja na mfuko mzima wa krimu za kung'arisha macho, akazipanga mbele yangu moja moja. Nikamwomba ashike kioo. Nikamulika tochi kutoka juu ya kichwa chake, akaona mabonde mawili meusi yakianzia pembe za macho karibu na pua na kushuka mashavuni. Nikaishusha tochi mpaka usawa wa pua yake, nikamulika kutoka mbele. Mabonde yakapotea huku anatazama. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo sina weusi?" Hakuwa nao. Alikuwa na bonde, na taa.

Kwa maelezo yako nadhani wewe una mambo matatu: rangi, damu iliyotuama, na kivuli ambacho ndicho kigeni. Nitayachukua kwa zamu, lakini kuna la nne ambalo ningeanza nalo ungekuwa umekaa mbele yangu. Ni ile hedhi uliyoitaja mwishoni kama vile unaomba radhi.

Inahusiana, tena sana. Hedhi nzito ya miezi mingi humaliza madini ya chuma mwilini, na bila chuma mwili hautengenezi himoglobini ya kutosha, yaani ile inayoipa damu wekundu wake. Kwa mwenye ngozi nyeupe uso hupauka. Kwa mwenye ngozi nyeusi au ya kahawia uso husawajika, unakuwa na ukijivu fulani, nuru inapotea, na watu wanasema "unaumwa?" bila kujua wameona nini. Weusi wa chini ya macho nao huonekana zaidi kwa sababu ngozi inayouzunguka imefifia. Vuta kope ya chini utazame ndani yake: inapaswa kuwa na wekundu ulioiva. Ukiona waridi iliyofifia au weupe, usisubiri. Ukiona ni nyekundu, bado nenda kapime, maana kujitazama kwenye kioo hakupimi damu.

Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa na upungufu wa damu himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Lakini omba pia kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma. Akiba huisha kabla himoglobini haijashuka, kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa damu yake iko sawa ilhali ghala ni tupu, na anaendelea kuchoka, kukatika nywele na kuhema akipanda ngazi. Feritini ikiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, akiba imekwisha, na madaktari wengi huanza tiba hata ikiwa chini ya 30. Vidonge vya chuma humezwa mbali na chai na kahawa, kwa kuwa vinywaji hivyo huzuia chuma kuingia mwilini. Himoglobini huanza kupanda ndani ya wiki chache, ila ghala linahitaji kama miezi mitatu kujaa. Usivimeze kwa kukisia kabla ya kupima, chuma kikizidi nacho kina madhara. Na atakayekutibu asiishie kwenye vidonge. Atafute kwa nini hedhi imekuwa nzito. Inaweza kuwa uvimbe wa fibroidi, inaweza kuwa homoni, inaweza kuwa tezi ya thairoidi.

Hiyo thairoidi ipimwe siku hiyo hiyo, kipimo kinaitwa TSH. Tezi ikizembea, hedhi huwa nzito, ngozi hukauka, choo kinakuwa kigumu, mtu anasikia baridi wenzake wakiona joto, uzito unapanda, na uso unavimbavimba hasa kwenye kope. Nyusi nazo zinaweza kupungua upande wa nje. Mtu wa namna hiyo anaweza kupaka krimu miaka kumi bila kuona kitu, na kidonge kimoja kwa siku kikamrudishia sura yake.

Turudi kwenye jicho. Rangi ya kahawia ya kurithi sitakudanganya kwamba itafutika. Inaweza kupungua, na inaweza kuzuiwa isiongezeke, na hapo ndipo neno lako jingine liliponishtua: nayafikicha mpaka basi. Ngozi inayosuguliwa kila siku hujitetea kwa kuwa nene na kutengeneza melanini zaidi. Macho yanayowasha asubuhi pamoja na pua iliyoziba yana harufu ya mzio, na yanapotokea kitandani mshukiwa wa kwanza ni vumbi la matandiko na vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye godoro na mto. Mzio unakuumiza mara mbili. Unakufanya ufikiche, na pua inapovimba ndani, vena zinazoondoa damu chini ya macho hubanwa, damu inatuama, inaonekana kama kivuli cha zambarau. Watoto wenye mzio wanakuwa na hali hiyo hiyo, mzazi anadhani mtoto hali vizuri.

Kwa hiyo fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi kama kitambaa kinahimili, na ukiweza weka godoro na mto kwenye vifuniko vya kuzuia vumbi. Mwulize mfamasia dawa ya mzio isiyoleta usingizi, kama loratadini. Pua ikiwa imeziba wiki nyingi, daktari anaweza kukupa dawa ya kupuliza puani yenye kiasi kidogo cha steroidi. Hiyo huhitaji siku kadhaa, hata wiki mbili, kufanya kazi yake kikamilifu, kwa hiyo usiitupe siku ya tatu. Macho yakiwasha, lowesha kitambaa safi kwa maji baridi, kikamue, kiweke juu ya kope ulizofumba mpaka muwasho upite. Mikono ibaki mbali. Nakuomba hili kuliko jambo jingine lolote katika barua hii, hata kuliko krimu utakayonunua, kwa sababu hakuna krimu inayoshindana na mkono unaosugua kila asubuhi.

La pili kwa rangi ni jua. Tumia krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Ya 30 huzuia takribani asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi. Wenye ngozi nyeusi wengi hudhani haiwahusu. Kwa kuungua wamejaliwa kinga kubwa, kweli, lakini kwa madoa na weusi wanahusika mno, tena kwao hata mwanga wa kawaida unaoonekana huamsha melanini. Ndiyo sababu napendelea krimu yenye rangi, iliyotiwa oksidi za chuma: inazuia mwanga huo na haikuachi na weupe wa chokaa. Ipake mpaka kwenye ukingo wa mfupa chini ya jicho. Zenye zinki huwasha macho kidogo kuliko nyingine. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili, na vaa miwani ya jua.

Krimu ya kupunguza rangi ije baada ya hayo, si kabla. Vitamini C, niasinamaidi na retinoli zina faida ya kweli ingawa ya polepole. Anza na moja. Retinoli chukua kiasi cha punje ndogo kwa macho yote mawili, usiku, mara mbili kwa wiki, ngozi ikizoea uongeze. Usiitumie ukiwa mjamzito au ukitafuta mimba. Ipe miezi mitatu kabla ya kuihukumu. Nina shaka hizo nne zako hazikupewa hata wiki tano kila moja.

Na ukishawishiwa mkorogo wa kung'arisha macho, kataa. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona mwisho wake. Steroidi kali, ambayo mara nyingi imo ndani hata kama haikuandikwa kwenye kopo, huifanya ngozi hii ambayo tayari ni karatasi kuwa nyembamba zaidi. Mwezi wa kwanza unang'aa, mwaka wa pili mishipa yote iko nje na weusi umerudi mkubwa. Ikiingia machoni kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta glakoma na mtoto wa jicho. Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, ikitumiwa miaka bila usimamizi huweza kuacha weusi wa kijivu-buluu ambao hata sisi tunashindwa kuutoa. Zebaki, ambayo nayo huweza kuwamo, huharibu figo, na humfikia mtoto aliye tumboni.

Weusi wa zambarau usiotokana na mzio, yaani damu inayoonekana tu kwa sababu ngozi ni nyembamba, tiba yake ni haba. Baridi hubana mishipa kwa saa chache, na krimu yenye kafeini hufanya hivyo hivyo kidogo. Sigara huzidisha kwa kula kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara wake. Zaidi ya hapo ni vipodozi, na si aibu.

Uvimbe wa asubuhi ni maji. Ukilala chali usiku kucha, maji ya mwili hujisambaza mpaka kwenye kope. Ukisimama yanashuka yenyewe kwa saa moja mbili. Chumvi nyingi jioni, pombe, na kulia kabla ya kulala huyaongeza. Inua kichwa kwa mto mmoja zaidi, punguza chumvi ya usiku. Kama kope zinavimba kila siku, miguu nayo imevimba na mkojo una povu lisiloisha, nenda kapime mkojo upesi, hizo zaweza kuwa figo zinazovujisha protini. Kifuko kinachokaa mchana kutwa, kinachotokeza ukitazama juu, ni mafuta ya jicho yaliyosogea mbele kwa umri au urithi. Hakuna krimu inayoyarudisha nyuma. Yanaondolewa au kupangwa upya kwa upasuaji mdogo wa kope, na anayekuahidi vinginevyo anakuuzia matumaini.

Kubonyea ulikokutaja ni kivuli, na umri wako ndio kinapoanza kwa wengi. Mafuta ya juu ya shavu hupungua na kushuka, ukingo wa mfupa wa jicho hurudi nyuma kidogo kidogo, na ile kano inayoishikilia ngozi kwenye mfupa haisogei, basi linajichora bonde. Kupunguza uzito kwa haraka hulichora mapema. Nitarudi hapo kwenye sindano.

Kuna mambo mengine usoni ambayo watu huyasahau kwa kuhangaikia weusi tu. Una miaka 39 na unatazama kompyuta kutwa. Karibu na miaka 40 jicho huanza kupoteza uwezo wa kuona vitu vya karibu, na mtu bila kujua anakunja nyusi na kufinya macho ili asome. Ndita mbili katikati ya nyusi, kope zilizobanwa, hiyo ni sura ya uchovu hata kama umelala kwa saa kumi. Kapime macho. Miwani ya kusomea imewafungua nyuso watu wengi kuliko wanavyoamini. Tena mbele ya kompyuta hatupepesi macho ipasavyo: kawaida ni kama mara 15 kwa dakika, tukikazia skrini huweza kushuka hata chini ya nusu. Jicho linakauka, linakuwa jekundu. Kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mita sita kwa sekunde 20, upepese kwa makusudi. Kama yamekauka, tumia matone ya machozi bandia. Yale matone ya kuondoa wekundu papo hapo yaache. Yanabana mishipa kwa muda, yakiisha nguvu wekundu unarudi zaidi ya ulivyokuwa.

Saa saba za usingizi zinatosha watu wazima wengi, ila saa si kitu kama usingizi wenyewe umekatikakatika. Muulize mwenzako kama unakoroma, na kama kuna wakati unakoroma, unanyamaza ghafla, kisha unashtuka kwa kuvuta pumzi. Huyo ni mtu ambaye njia yake ya hewa inaziba usingizini, anaamka mara nyingi bila kukumbuka, na asubuhi ana kichwa kizito. Hilo linapimwa na linatibika, na likiachwa linapandisha presha. Halafu angalia kahawa: mwili huchukua takribani saa tano kuondoa nusu ya kafeini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni, nusu yake bado iko nawe saa tatu usiku.

Dalili moja tu haingoji haya yote. Kope moja ikianguka ghafla, hasa ikiwa na maumivu makali ya kichwa, kuona vitu viwili viwili, au mboni nyeusi moja kuwa kubwa kuliko nyenzake, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na kope zinazokuwa nzima asubuhi, kisha zinalegea kila jioni kadiri siku inavyokwenda, mweleze daktari. Kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu na misuli unaojitokeza hivyo.

Najua wakati vipimo vinasubiri majibu, kesho bado unaingia ofisini. Asubuhi weka kitambaa baridi kwenye macho dakika kumi, usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Paka mafuta au losheni usoni ngozi ikiwa bado na unyevu, ngozi kavu hairudishi mwanga na ndiyo inayoonekana imeparara. Kosa ninaloliona zaidi ni konsila, kile kipodozi cha kuficha weusi, iliyo nyeupe kuliko ngozi: juu ya weusi inatoa kijivu, unaonekana umechoka na umepaka. Weusi wa buluu na zambarau huzimwa na rangi ya chungwa. Mwenye ngozi nyeusi atumie chungwa iliyokolea, mwenye ngozi ya maji ya kunde aende kwenye pichi. Gusa kidogo kwa ncha ya kidole cha pete, palepale penye weusi tu, kisha juu yake konsila ya rangi yako halisi, safu nyembamba. Poda kiasi kidogo mno, ikizidi inaingia kwenye mistari. Wanja uache juu. Ukiutia chini unashuka mchana na kuongeza kile ulichokificha. Kunja nywele za kope zako kwa kibanio, paka nyusi zikae. Nyusi zilizonyooka na kope zilizoinuka zinafungua jicho kuliko konsila ya aina yoyote.

Halafu tazama juu hapo kazini. Umesema unaulizwa kila ukiingia ofisini. Hukusema unaulizwa ukiwa nje. Taa za darini zinamulika kutoka juu kabisa, kama ile tochi yangu juu ya kichwa cha yule mama, na kila bonde linajaa giza. Ukiweza geuza meza ielekee dirisha. Kwenye mikutano ya video weka taa ndogo nyuma ya kompyuta, usawa wa uso, na uinue kompyuta yenyewe mpaka kamera ikae kwenye mstari wa macho.

Sasa sindano ya rafiki yako. Kinachochomwa ni asidi ya hialuroni, jeli inayojaza bonde, na kwa mtu aliyechaguliwa vizuri inasaidia kweli kwa miezi mingi. Inatibu kivuli tu. Haigusi rangi, haigusi damu, na kwa mwenye uvimbe inaweza kuongeza, maana jeli hiyo huvuta maji. Ikiwekwa juu juu huacha ubuluu chini ya ngozi. Na kuna hatari ambayo ni nadra lakini lazima uijue: jeli ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Kwako, mwenye mzio usiotibiwa, pua inayoziba asubuhi na damu ambayo haijapimwa, nakushauri usiende sasa. Tibu hivyo vitatu, ipe miezi minne, ujipime tena pale dirishani. Likibaki bonde peke yake na bado linakusumbua, tafuta daktari aliyebobea kwenye macho au uso, na kabla hujalala kwenye kitanda chake muulize kama ana hialuronidasi humo chumbani, dawa ya kuiyeyusha jeli hiyo mambo yakienda vibaya. Akiwa nayo atakuonyesha ilipo. Akikuuliza hiyo ni nini, chukua mkoba wako uondoke.